Kisukuma kwa Anayejua Kiswahili: Kinachosaidia na Kinachoponza

Muuguzi, mwalimu au afisa ugani anayepangiwa Bariadi akitokea Tanga au Mbeya hababaishwi na suala la lugha. Anajua anakwenda kwa Wasukuma, na anajua pia kwamba Kiswahili kinafika kila pembe ya nchi. Akiwa mjini hakosei. Stendi, benki, ofisi za mkoa, maduka ya pembejeo, kote huko atahudumia na kuhudumiwa kwa Kiswahili bila taabu. Mkoa wa Simiyu wenyewe ni mchanga, uliundwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na sehemu ya Mwanza, na makao yake makuu hapo Bariadi yamekusanya watumishi wa kila kabila.

Mambo hubadilika pale anapokutana ana kwa ana na watu wa vijijini. Tuseme yuko hospitalini Somanda, kata ya mji wa Bariadi ambayo wengi mkoani wanaijua kwa sababu ya hospitali. Bibi amemleta mjukuu. Hakukaa darasani, na Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu na majina ya vitu vya dukani. Muuguzi, kwa ishara na maneno machache aliyoyaokota, anataka kujua kama mtoto anakula. Bibi anajibu, "Alilya." Sikio lililolelewa na Kiswahili linasikia "alilia": mtoto alitoa machozi, tena si leo. Bibi amesema kitu kingine kabisa, kwamba mtoto anakula, na anakula siku hizi hizi. Katika neno moja fupi mgeni amekosea kitenzi na amekosea wakati.

Kosa hilo halitokani na ugeni wa Kisukuma. Linatokana na ujirani wake na Kiswahili. Mtu asiyejua Kiswahili wala lugha nyingine ya Kibantu, akisikia "alilya", angejua hajaelewa na angeuliza tena. Anayejua Kiswahili hudhani ameelewa. Ndiyo maana swali la kujifunza sarufi ya msingi ya Kisukuma kwa mtu mwenye Kiswahili linastahili kuchambuliwa: ni wapi lugha aliyonayo inamsaidia, na ni wapi inamponza?

Tuanze mbali kidogo. Duniani, mfano unaotajwa sana wa kujifunza lugha ya jirani ni wa Mwingereza au Mmarekani anayejifunza Kihispania. Foreign Service Institute, chuo kinachowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani, kinakiweka Kihispania katika kundi la lugha nyepesi kuliko zote kwa msemaji wa Kiingereza. Kiswahili kimewekwa kundi gumu zaidi, pamoja na Kiindonesia na Kimalei. Sababu ya wepesi wa Kihispania ni msamiati. Maneno mengi ya Kiingereza yalitoka Kilatini, mama wa Kihispania, na mengine yanaandikwa sawasawa kabisa katika lugha zote mbili, "hospital" likiwa mojawapo. Mwanafunzi huyo hupata maelfu ya maneno kabla hajafungua kitabu. Kinachomtesa ni sarufi. Kila nomino ni ya kiume au ya kike, hata meza, na kivumishi lazima kifuate. Kitenzi hubadilika mkia kwa kila nafsi. Kuna vitenzi viwili pale ambapo yeye ana kimoja cha "kuwa", "ser" na "estar". Kwa hiyo vitabu vyake huanza na majedwali, na ni sawa vianze hivyo.

Msemaji wa Kiswahili anayekwenda Bariadi yuko katika hali iliyo kinyume. Sarufi anayo tayari, kwa sehemu kubwa. Kinachomgharimu ni sauti, viambishi vidogo vya wakati, na maneno machache yanayofanana kwa umbo yakatofautiana kwa maana. Hiyo ndiyo hoja yangu katika uchambuzi huu, na ina matokeo yake: anayetaka kuwafundisha watumishi wageni Kisukuma kwa kunakili mpangilio wa vitabu vya Ulaya, ngeli kwanza na majedwali ya vitenzi baadaye, anawachosha kwa kile wanachokijua na kuwaacha gizani kwa kile wasichokijua.

Angalia ngeli. Mzungu anayejifunza lugha yoyote ya Kibantu hutumia miezi kukubali kwamba nomino zina makundi na kwamba kila neno katika sentensi hufuata kundi hilo. Mswahili hahitaji hata dakika. Mtu ni "munhu", watu ni "banhu", mtu mkubwa ni "munhu ntale", watu wakubwa "banhu batale". Yeyote aliyewahi kusikia habari za "basumba batale", viongozi wa vijana katika vijiji vya Usukumani, ameshasikia upatanisho wa kisarufi ukifanya kazi. Kitu ni "kinhu", vitu ni "shinhu". Ugali ni "bugali", na ngeli hiyo ya bu- ndiyo ile ya u- katika Kiswahili: ugonjwa ni "busatu", dawa ni "bugota", pamba, zao lililoujengea mkoa huu jina, ni "buluba". Ukipita katika orodha ya kata za mji wa Bariadi utaikuta Bunamhala. "Namhala" ni mzee, na bu- mbele yake inafanya kazi ileile inayofanywa na u- katika neno "uzee".

Kipo pia kitu ambacho Kiswahili sanifu kimekipoteza na Kisukuma kimekitunza, nacho ni ngeli ya udogo ya ka- na tu-. Watu wa bara wengi wanaijua kutoka lugha zao za nyumbani, na hata Kiswahili cha mitaani kinaitumia ka- kila siku, kwa hiyo nayo si mzigo. Mahali panahitaji kuzoea zaidi. Kiswahili hutia -ni mwishoni, nyumbani na shambani, wakati Kisukuma huweka kiambishi mbele: "kukaya" ni nyumbani, kwenye kaya, na "munumba" ni ndani ya nyumba. Baada ya wiki mbili sikio huzoea.

Mnyambuliko wa kitenzi nao unakuja wenyewe. Kuona ni "kubona", kuonea "kubonela", kuonana "kubonana". Hakuna mwalimu anayehitaji kumweleza mtu wa Tanga maana ya kauli ya kutendana.

Maneno yanafanana vilevile, lakini hayafanani kwa macho. Yanafanana kwa kanuni, na mtu asiyepewa kanuni hizo atayahesabu yote kuwa mapya. Kiswahili cha pwani kilidondosha l katika maneno mengi ambako Kisukuma kimeibakiza, na mahali penye nj Kisukuma mara nyingi kina nz. Njaa ni "nzala". Njia ni "nzila". Mvua ni "mbula", na hapo unaelewa kwa nini Usukumani kuna akina Mabula wengi. Kiswahili pia kilidondosha b, kwa hiyo "kubona" ikawa kuona na "bugali" ikawa ugali. Pale Kiswahili kinapokuwa na mw- mbele ya irabu, Kisukuma kina ng'w-: mwana ni "ng'wana", mwaka "ng'waka", mwezi "ng'wezi". Mwenye kanuni hizi tatu au nne mkononi ataanza kuyatambua maneno kabla hajafundishwa.

Kuna kanuni nyingine yenye historia ya kuvutia. Mtu akihesabu kwa Kisukuma atasema "ibili, idatu, ine, itano". Tatu ya Kiswahili imegeuka -datu. Kuku amekuwa "ngoko". Katika lugha hizi, silabi mbili zinapofuatana zikiwa na konsonanti za aina ya t, k au p, ile ya kwanza hulainika na kuwa d, g au b. Aliyeigundua tabia hiyo ni Edmund Dahl, mmisionari wa Kijerumani aliyeishi na Wanyamwezi, ndugu wa karibu wa Wasukuma kwa lugha. Mwaka 1903 mtaalamu Carl Meinhof aliitangaza kwa jina la Dahl, na hadi leo wanafunzi wa isimu kutoka Nairobi hadi Tokyo hufundishwa Kanuni ya Dahl. Ni ajabu kidogo kwamba kanuni iliyookotwa kwenye midomo ya watu wa Unyamwezi inajulikana vyuo vikuu vya dunia nzima, na muuguzi anayefanya kazi Somanda hajawahi kuisikia.

Kwenye hesabu kuna jambo la ziada. Kiswahili kiliazima sita, saba na tisa kutoka Kiarabu. Kisukuma kimebaki na vyake: "itandatu", "mpungate", "kenda". Hapa kufanana kunakoma na lazima ukariri, ingawa "kenda" wazee wa pwani waliijua pia kabla tisa haijatawala.

Sauti zenyewe zina ugumu wa aina yake. Pale Kiswahili kina t baada ya n iliyofichika, Kisukuma hutoa pumzi puani: munhu, kinhu. Pembe ni "mhembe". Herufi nh, mh na ng'h zinazoonekana katika majina ya watu na vijiji vya Simiyu si mapambo, wala h yake si ya kurukwa. Kata nyingine ya mji wa Bariadi inaitwa Mhango, na mgeni anayesoma "Mango" hujulikana papo hapo kuwa ametoka mbali.

Lakini herufi angalau zinaonekana. Irabu hazionekani. Kiswahili kina irabu tano, na kwa bahati Kihispania nacho kina tano zilezile, ndiyo sababu Mswahili hutamka Kihispania vizuri kuliko Mwingereza. Kisukuma kina saba. Kati ya i na e ipo irabu nyingine, na kati ya u na o ipo nyingine tena. Tahajia ya kawaida haizitofautishi, kwa hiyo mgeni anayesoma neno la Kisukuma kwenye karatasi hawezi kujua atamke ipi. Ushahidi mzuri uko kwenye jina la lugha yenyewe. Sisi tunaandika Kisukuma. Herman Batibo, mwanaisimu Mtanzania ambaye ni mmoja wa waliokichambua Kisukuma kwa kina, alipochapisha kitabu chake Paris mwaka 1985 aliandika "kesukuma". Tahajia zote mbili zinajaribu kuikamata irabu moja ambayo si i wala e. Isitoshe, urefu wa irabu nao unabeba maana, na ukiifupisha iliyo ndefu umesema neno jingine au hujasema kitu.

Halafu ipo toni, ambayo Kiswahili hakina kabisa. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho na kazi imekwisha. Kisukuma kinapandisha na kushusha sauti, na jambo hilo peke yake lisingekuwa la ajabu kwa lugha ya Kibantu. Cha ajabu ni kwamba toni ya juu haikai inapomilikiwa. Kitenzi -bona kina toni ya juu, na kitenzi -sola, kuchukua au kuchagua, hakina. Ungetarajia kuisikia toni hiyo juu ya -bo-. Huisikii hapo. Inasogea mbele kiasi cha silabi mbili, mara nyingine hadi ndani ya neno linalofuata, hivi kwamba neno lisilo na toni yake lenyewe linabeba toni ya jirani. Irvine Richardson aliandika kitabu kizima juu ya toni za Kisukuma mwaka 1959, na mwaka 2003 Masangu Matondo alifanya tasnifu ya udaktari juu ya suala hilohilo huko UCLA, Marekani. Lugha hii imekuwa shamba la mavuno kwa wanadharia wa toni.

Je, mtumishi mgeni aanze na toni? Hapana. Wasukuma wenyewe wamezoea kusikia lugha yao ikisemwa na Wazinza, Wajita, Wanyiramba na Wahindi wa madukani, na muktadha huokoa mengi. Toni zitakuja zenyewe kwa kusikiliza, kama zitakuja. Hapo nawapinga walimu wanaotaka kila kitu kianze na matamshi sahihi. Mtu anayepewa toni siku ya kwanza hukata tamaa siku ya pili.

Aanze na -li-. Hili ndilo jambo ninaloliona zito kuliko yote, na kwa bahati mbaya ndilo dogo kuliko yote kwa umbo. Katika Kiswahili -li- ni alama ya wakati uliopita. Walilima maana yake kazi imekwisha. Katika Kisukuma -li- inaonyesha jambo linaloendelea sasa. "Balilima" ni wanalima, wako shambani wakati huu tunapozungumza. "Ulihaya" si ulisema, ni unasema. Herufi ni zilezile, mahali pake katika kitenzi ni palepale, kati ya kiambishi cha nafsi na mzizi, na maana imehama kutoka jana kuja leo. Mgeni anayetegemea Kiswahili atageuza kila habari anayopewa kuwa ya zamani. Mahali pengine hilo ni kichekesho. Kwenye chumba cha daktari, tofauti kati ya "anatapika" na "alitapika" ni tofauti ya matibabu.

Mtego huo unaongezeka uzito unapokutana na kitenzi cha kwenda. Kwenda kwa Kisukuma ni "kuja". Kuja ni "kwiza". Mtu akikuambia "balija", Kiswahili chako kitakutafsiria haraka haraka kwamba walikuja. Amekuambia wanakwenda. Umekosea mwelekeo, umekosea na wakati, na bado sentensi uliyoielewa ina mantiki kabisa, kiasi kwamba hutauliza. Maneno ya namna hii wanafunzi wa Kihispania wanayajua vizuri. Mwingereza mwenye haya anayesema yeye ni "embarazada" amejitangaza kuwa mjamzito. Tofauti ni kwamba yeye kitabu chake kimemwonya ukurasa wa kumi.

Mengine ya aina hiyo ni machache na yanaweza kukaririwa kwa siku moja. "Yaya" si mlezi wa watoto, ni hapana. "Kuyomba" si kuomba, ni kuzungumza. "Kupandika" haina uhusiano na kupanda, ni kupata. Mama mzazi ni "mayu", na mwanamke yeyote wa rika la mama yako utamwita hivyo. "Nduhu" hutoifananisha na kitu, lakini utaisikia kutwa nzima kwa sababu maana yake ni hakuna: fedha nduhu, dawa nduhu, mvua nduhu.

Upande wa wakati timilifu kuna faraja kidogo kwa wapenda historia ya lugha. Kisukuma hutumia kiishio -ile, hasa kwa vitenzi vya hali. Najua ni "namanile". Nakupenda ni "nakutogilwe", neno ambalo hata wasio Wasukuma wamelizoea kwenye nyimbo. Mgeni anaweza kudhani -ile ni kitu cha bara kisichohusiana naye. Ukweli ni kwamba washairi wa zamani wa Lamu na Pate walikuwa na kiishio hicho katika tenzi zao. Kiswahili cha leo kimekiacha na kuweka -me-. Kwa maana hiyo anayejifunza Kisukuma anakutana na tabia ambayo lugha yake mwenyewe ilikuwa nayo.

Salamu sikuziweka mwanzo kwa makusudi, kwa sababu kila mgeni huanza nazo na wengi huishia hapo. Asubuhi mwenzako utamwambia "wangaluka". Mzee, au watu zaidi ya mmoja, utasema "mwangaluka". Alasiri na jioni ni "wadila" na "mwadila". Shukrani ni "wabeja" kwa mmoja na "mwabeja" kwa wengi au kwa mkubwa. Unaona kinachotokea: heshima imo ndani ya kiambishi cha nafsi. Kiswahili kimetenga neno zima la heshima, shikamoo. Kisukuma kinamheshimu mtu mmoja kwa kumsemesha kama wengi. Mgeni aliyeikariri "wabeja" dukani na kumwambia namhala wa miaka themanini hajatukana, ila ameongea naye kama rika. Na atasamehewa, kwa kuwa amejaribu.

Salamu huendelea na "mhola", yaani salama, amani, na haziishi upesi. Nimeona watumishi vijana wakizikatisha ili waingie kwenye kazi, foleni ikiwa ndefu. Naelewa sababu. Lakini mtu wa kijijini aliyekatishwa salamu hufupisha na majibu yanayofuata, na muuguzi atapata historia ya ugonjwa yenye mashimo.

Ipo pia tofauti ya lahaja, na hapa wageni wengi hupotezwa na vitabu au marafiki wa Mwanza. Kisukuma cha Bariadi kinaitwa Ginantuzu, kwa jina la utemi wa Ntuzu. Kile cha upande wa Kishapu na Shinyanga kinaitwa Jinakiiya. Cha Mwanza ni Kimunasukuma. Majina hayo yenyewe yanakufundisha: ki- ya Mwanza ni gi- Bariadi na ji- kusini. Aliyejifunza "kinhu" Magu atasikia "ginhu" Bariadi. Wanaelewana bila shida. Mwanafunzi ndiye anayebabaika akidhani amesikia neno jipya. Hata tahajia haijatulia, wengine wakiandika "banhu" na wengine "bhanhu" kwa neno lilelile.

Mambo haya yote yameandikwa na wataalamu. Shida ni mahali yalipoandikwa. Kitabu cha Batibo ni cha Kifaransa. Cha Richardson ni cha Kiingereza, na tasnifu ya Matondo vivyo hivyo. Sarufi ya Kinyamwezi ya Clement Maganga na Thilo Schadeberg, ya mwaka 1992, ambayo ingemsaidia sana mtu wa Bariadi kwa udugu wa lugha hizi mbili, nayo ni ya Kiingereza. Zilikusudiwa wanaisimu, na kazi hiyo zimeifanya vizuri. Ila zinamweleza msomaji wa Ulaya ngeli ni nini, jambo ambalo Mtanzania analijua tangu utotoni, na hazina sababu ya kumwonya kuhusu -li-, kwa kuwa msomaji huyo hana Kiswahili cha kumdanganya. Sarufi ya Kisukuma iliyoandikwa kwa Kiswahili, kwa ajili ya msemaji wa Kiswahili, ingekuwa na sura tofauti kabisa. Ingekuwa pia nyembamba mno.

Kwa nini haijawa kitu cha kawaida, kama kijitabu cha chanjo au cha kilimo bora cha pamba? Si kwa sababu lugha ni ndogo. Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotolewa na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009 ilikiweka Kisukuma mbele ya lugha zote za jamii nchini, kikiwa na wasemaji kama milioni 5. Sababu ni ya kisiasa na inaeleweka. Tangu miaka ya 1960 taifa limejengwa juu ya Kiswahili, na kazi hiyo imefanikiwa kuliko ilivyofanikiwa kwa majirani zetu wengi. Katika mafanikio hayo tulizoea kuita lugha nyingine zote "kilugha", kitu cha nyumbani ambacho mtumishi wa umma hapaswi kukihitaji. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilisema wazi kuwa lugha za jamii ni hazina, na ikahimiza ziandikwe na kutafitiwa. Hazina hiyo kwa sehemu kubwa imebaki kuwa ya watafiti.

Kuna mtazamo mwingine usiosemwa hadharani, kwamba Kisukuma ni Kiswahili kilichoharibika. Msukuma anayesema "kalibu" na "habali" huchekwa, na wachekeshaji wametengeneza pesa kwa lafudhi hiyo. Kisukuma hakina r. Basi. Mtoto wa darasa la kwanza kutoka kijiji cha Bariadi anayeandika "lafiki" anafuata sauti za lugha yake kwa usahihi, na mwalimu anayejua hilo atamwonyesha tofauti kwa dakika tano badala ya kumcheka mwaka mzima. Mwalimu huyohuyo akijua habari ya -li- ataelewa kwa nini mtoto anasema "walicheza" huku wenzake wako uwanjani wanacheza mbele ya macho yake. Faida ya kujua sarufi ya mwenzako ni ya pande mbili, ingawa anayelipwa mshahara ndiye mwenye wajibu wa kuanza.

Wapo watakaosema tatizo linakwisha lenyewe, vijana wote wanajua Kiswahili, subiri tu wazee wapite. Hoja hiyo siikubali. Wanaokuja hospitali zaidi ni wazee na watoto wadogo, yaani walewale ambao Kiswahili hakijawafikia au kimewafikia nusu. Na mkalimani aliyepo kwa kawaida ni mtu wa familia au yeyote aliye karibu, mbele ya mgonjwa mwenye jambo la siri. Mama hawezi kumweleza daktari habari za uzazi kupitia mdomo wa mwanawe wa kiume. Kwa mkoa ambao sensa ya 2022 iliuhesabu kuwa na watu zaidi ya milioni 2, wengi wao wakiwa vijijini, kusubiri si mpango.

Hakuna anayemtaka muuguzi awe Msukuma. Kurasa ishirini zingetosha: kanuni za sauti ukurasa mmoja na mifano yake, -li- na -ile ukurasa wa pili, kuja na kwiza pamoja na maneno mengine ya kuponza ukurasa wa tatu, salamu kwa mmoja na kwa wengi, kisha msamiati wa mwili na ugonjwa: "ntwe" kichwa, "nda" tumbo, "miso" macho, "nsatu" mgonjwa. Irabu zile mbili ziwekewe alama ili msomaji asibahatishe. Waandishi wapo. Bariadi, Maswa na Meatu kuna walimu wastaafu waliozaliwa na Kisukuma na kufundisha Kiswahili maisha yao yote, na hao ndio wanaozijua lugha zote mbili kutoka ndani. Halmashauri iwaite watano, iwape mwezi mmoja, na kijitabu hicho kila mtumishi mpya akabidhiwe pamoja na barua yake ya kupangiwa kituo.